Sigara za kielektroniki: Mwongozo wa vifaa kwa anayeanza

SIGARA ya kielektroniki ya kisasa ni zao la mfamasia wa Uchina, Hon Lik, aliyeomba hataza ya uvumbuzi wake mnamo 2003. Mwaka uliofuata ilianza kuuzwa nchini mwake. Tangu hapo vifaa hivi vimezaana na kuwa jamii kubwa, kuanzia kijiti kinachotupwa baada ya siku chache hadi atomaiza ambayo mwenyewe huizungushia waya na kuitia pamba kwa mkono wake.

Kabla ya kifaa, huja swali la mtumiaji. Nikotini hulevya na kumtia mtu utumwani, iwe imetoka katika moshi au katika mvuke. Kwa hivyo, mtu asiyevuta sigara hana faida yoyote ya kutafuta hapa, na kijana hana kabisa. Mwenye sababu ni mtu mzima ambaye tayari ni mtumwa wa sigara ya kawaida na anatafuta njia ya kuachana nayo.

Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mnamo 2019 uliwahusisha wavutaji 886. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18 ya waliopewa sigara za kielektroniki walikuwa wameacha sigara, ikilinganishwa na asilimia 9.9 ya waliotumia bandiko, ubani wa kutafuna na dawa nyingine za nikotini. Hata hivyo, asilimia 80 ya waliofaulu kwa njia ya mvuke walikuwa bado wanautumia mvuke wenyewe. Funzo ni kwamba kifaa kinaweza kuwa daraja, lakini wengi hukaa darajani.

Jinsi kinavyofanya kazi

Vifaa vyote hivi vina viungo vinne: betri, koili ya waya, utambi na kimiminika. Betri huipasha koili moto. Utambi, ambao aghalabu ni pamba, huvuta kimiminika hadi kwenye waya. Nacho hugeuka mvuke. Mfano wake ni taa ya chemni, ila hapa hakuna kinachotakiwa kuungua. Kwa kuwa tumbaku haichomwi, mvuke hauna lami wala hewa ya kaboni monoksidi kwa kiwango cha moshi wa sigara. Hiyo si kusema kwamba ni salama.

Kimiminika chenyewe huwa na propilini glikoli, glisarini ya mimea, vionjo na nikotini.

Vya kutupwa

Hiki ndicho kifaa rahisi kuliko vyote. Hakijazwi na hakina kitufe. Mtu huvuta tu hadi kiishe, kisha hukitupa. Bei yake ya mwanzo ni ndogo, lakini anayenunua kila wiki hatimaye hulipa zaidi ya mwenye kifaa cha kujaza. Fauka ya hayo, kila kimoja hutupwa na betri yake ya lithiamu, ambayo ikipondwa katika gari la taka huweza kuzua moto. Ubelgiji ilipiga marufuku uuzaji wa vifaa hivi kuanzia Januari 1, 2025, nayo Uingereza ikafuata Juni 1 mwaka huo huo.

Kasoro nyingine ni kuwa mtumiaji hana uwezo wa kupunguza nikotini hatua kwa hatua, madhali hupokea kile alichofungiwa kiwandani.

Vya kikasha

Kifaa cha kikasha, ambacho wauzaji hukiita podi, kina betri ya kuchaji na kikasha kidogo cha plastiki kinachochomekwa juu. Vikasha vingine huja vimejazwa, vingine hujazwa na mwenyewe. Hiki cha kujaza ndicho kinachomfaa zaidi anayeanza: ni kidogo, hakina marekebisho mengi, na humruhusu kuchagua nguvu ya nikotini.

Inafaa kukumbuka kuwa washiriki wa utafiti uliotajwa hapo juu hawakupewa vifaa vya kutupwa, wala mitambo mikubwa. Walipewa kifaa cha kujaza na chupa moja ya kimiminika chenye miligramu 18 za nikotini kwa kila mililita.

Vya tangi

Ngazi inayofuata ni tangi lenye koili ya kununuliwa, ambayo hubadilishwa inapochakaa. Aghalabu koili hudumu wiki moja au mbili, na vimiminika vitamu huifupisha umri kwa kuacha masizi ya sukari. Koili mpya ilowanishwe na kuachwa dakika 5 hadi 10 kabla ya kutumiwa, la sivyo pamba kavu itaungua na kumwachia mvutaji ladha chungu kooni.

Hapa ndipo mtu hukutana na kipimo cha omu, yaani ukinzani wa umeme. Koili ya zaidi ya omu 1 hutoa mvuke mchache, wa kuvutwa mdomoni kwanza kama sigara, nayo huendana na nikotini nyingi. Iliyo chini ya omu 1 hutoa wingu kubwa linaloingia moja kwa moja mapafuni, nayo huhitaji nikotini kidogo, mathalan miligramu 3. Kuchanganya nikotini kali na koili ya wingu ni kujitafutia kichefuchefu na kizunguzungu.

Atomaiza za kujenga

Kilele cha ngazi ni atomaiza inayojengwa na mwenyewe. Iko ya kudondoshea, ambapo matone hutiwa juu ya pamba kila baada ya mivuto michache, na iko yenye tangi lake. Wapenzi wake husifu ladha na gharama ndogo, kwani waya na pamba ni rahisi kuliko koili za dukani.

Lakini hapa hesabu si mapambo. Betri iliyojaa ina volti 4.2. Ukizigawanya kwa koili ya omu 0.5, mkondo ni ampia 8.4, jambo ambalo betri nzuri hulimudu. Ukizigawanya kwa omu 0.1, mkondo huruka hadi ampia 42, kiasi kinachozidi uwezo wa betri nyingi za aina hii. Kifaa chenye saketi ya ulinzi hukataa kuwaka. Kile cha kimakanika, kisicho na saketi yoyote, hutii tu. Mnamo 2018 mwanamume mmoja alifariki katika jiji la St. Petersburg, Florida, baada ya kifaa chake kulipuka.

Anayeanza hana haja ya kufika huku. Akifika, asijenge bila kipima omu, na asibebe betri mfukoni pamoja na funguo au sarafu.

Kimiminika na usalama

Mnamo 2019 Marekani ilikumbwa na maradhi ya mapafu miongoni mwa watumiaji. Kufikia Februari 2020, zaidi ya watu 2,800 walikuwa wamelazwa hospitalini au kufariki, waliofariki wakiwa 68. Wachunguzi walihusisha maradhi hayo hasa na asetati ya vitamini E iliyochanganywa katika mafuta ya bangi. Kwa hivyo, chupa isiyo na lebo wala orodha ya viambato isinunuliwe.

Muungano wa Ulaya huruhusu nikotini isiyozidi miligramu 20 kwa mililita. Chupa ndogo ya mililita 10 ya kiwango hicho ina miligramu 200, kiasi cha kumhatarisha mtoto akiinywa. Ihifadhiwe mbali na watoto kama dawa.

Kuhusu sheria, Uganda ilipiga marufuku bidhaa hizi kupitia sheria yake ya tumbaku ya 2015, hivyo msafiri asivuke mpaka nazo. Nchini Kenya, mswada wa kurekebisha Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2007 ili kuzijumuisha uliwasilishwa katika Seneti mnamo 2024.

Kwa jumla, anayetaka kuacha sigara achague kifaa cha kikasha cha kujaza, aanze na nikotini inayomtosheleza, na asichanganye mvuke na sigara kwa muda mrefu. Kisha apunguze nguvu ya kimiminika hatua kwa hatua hadi asihitaji kifaa chochote.