Akili na Kipimo Chake: Historia ya Istilahi Moja

Neno akili asili yake ni Kiarabu, na katika lugha hiyo shina lake lina maana pia ya kumfunga ngamia mguu asipotee. Maana hiyo ya kuzuia haijatoweka katika Kiswahili. Msomi atendapo upuuzi, twasema hana akili. Na mahakama ichunguzapo kama mshtakiwa alikuwa na akili timamu, haimpimi kwa hesabu. Kandokando ya neno hili tunayo busara, hekima, werevu na ujanja, na kila moja lina mahali pake. Mjanja aweza kukosa busara, na asiyejua kusoma aweza kuwa na hekima.

Yafaa basi tutazame jinsi neno hili lilivyotwikwa mzigo wa tarakimu. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kuchunguza namna ya kuwafundisha watoto walioshindwa kufuata masomo ya kawaida. Mwaka uliofuata Alfred Binet na Théodore Simon walitoa majaribio 30 ya kuwatambua watoto hao, ili wasaidiwe. Katika kitabu chake cha mwaka 1909 Binet aliwapinga waliodai kuwa akili ya mtu haiwezi kuongezeka. Alifariki mwaka 1911.

Baada yake kazi hiyo ilichukua njia nyingine. Mwaka 1912 Mjerumani William Stern alipendekeza kuugawa umri wa akili kwa umri wa kuzaliwa. Na mwaka 1916 Lewis Terman wa Marekani akakizidisha kigawo hicho kwa 100. Mtoto wa miaka 10 aliyefikia maswali ya miaka 8 tu akapewa 80. Chombo cha kutafutia msaada kikageuka kuwa hukumu. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani iliidhinisha Carrie Buck wa Virginia afungwe kizazi bila hiari yake, kwa madai kuwa alikuwa na upungufu wa akili; na majaribio ya namna hiyo yalikuwa sehemu ya ushahidi.

Huenda mtu akasema kuwa istilahi "kipimo cha akili" imekwisha kuenea. Ni kweli, lakini kwetu sisi neno akili hubeba utimamu na adabu pia, na mzazi aambiwaye kwa barua kuwa mwanawe ana akili pungufu husikia kwamba mwanawe ni punguani. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Kwa hiyo twapendekeza wafasiri, walimu na watumishi wa serikali waandike "jaribio" na "alama za jaribio", wakitaja ni jaribio gani na lilitolewa kwa lugha ipi. Isiandikwe "mtoto huyu ana akili 80". Iandikwe "mtoto huyu alipata alama 80 katika jaribio hili", kisha yafuate maelezo ya msaada anaouhitaji.