Hisopo ya Ukutani na Ramani Tupu: Historia Fupi ya Uchunguzi wa Kuvumwani, kwa Kuangalia Kasulu na Kibondo

Katika 1 Wafalme 4:33 Sulemani anasifiwa kwa kunena habari za miti, kuanzia mwerezi hata hisopo ya ukutani. Mswidi Fredrik Hasselquist, mwanafunzi wa Linnaeus, aliyefariki Smirna mwaka 1752, alidhani hisopo hiyo ni kuvumwani ndogo aliyoiona katika kuta za Yerusalemu. Katika ufafanuzi huo hatumfuati. Hata hivyo alikitazama kitu ambacho wengi hukipita.

Tunazungumzia hapa kuvumwani, pamoja na jamaa zake wenye majani bapa ambao wataalamu huwaita kwa jina la ini, na likeni, ambayo si mmea mmoja bali ni ushirika wa kuvu na mwani. Je, zile zihesabiwazo kuwa adimu zinapatikana wapi katika Tanzania? Vitabu hujibu: Kilimanjaro, Usambara, Uluguru. Hoja yetu ni kwamba jibu hilo limetokana na mvua na miinuko kwa sehemu tu. Sehemu nyingine limetokana na njia walizopita wakusanyaji.

Gustav Volkens alikaa Marangu kati ya 1892 na 1894. Carl Holst alikusanya mimea Usambara katika miaka hiyo hiyo, na mwaka 1902 Wajerumani wakaanzisha taasisi yao ya utafiti huko Amani. Msomaji wa historia ya Kanisa ataitambua njia hiyo mara moja, kwa maana Wabetheli walifika Mlalo mwaka 1891, na Waleipzig Machame mwaka 1893. Vipande vilivyokaushwa vilisafirishwa Ulaya, ambako Brotherus wa Helsinki alizipa majina kuvumwani nyingi za Afrika, na Stephani wa Leipzig zile zenye jina la ini. Mwezi Machi 1943 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya hazina ya mimea ya Berlin. Mikusanyo ya Brotherus, iliyoko Helsinki, na ya Stephani, iliyoko Geneva, ilisalimika.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, mwaka wa vita, tena ikipita kusini. Nyanda za juu za Buha zikabaki kando. Baada ya uhuru Tamás Pócs wa Hungaria alifundisha Morogoro, 1969 hadi 1973, akapanda Uluguru mara nyingi. Katika makala yake ya 1980 alionyesha kwamba katika msitu wa ukungu karibu na kilele cha Bondwa, mimea iotayo juu ya miti, kuvumwani zikiwa sehemu yake kubwa, hufikia takriban tani 14 kwa hekta ikiwa mikavu, na yaweza kushika kama lita 50,000 za maji katika mvua moja. Mwaka 1988 Swinscow na Krog walichapisha kitabu chao cha likeni kubwa za Afrika Mashariki. Ni kazi za kuheshimiwa sana, lakini magharibi ya nchi yetu haikupata Pócs wake.

Kasulu na Kibondo ni nchi ya miombo, yenye misitu myembamba kandokando ya mito iliyo mingi katika bonde la Malagarasi. Tangu Oktoba 1993 ilipokea watu waliokimbia mauaji ya Burundi. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kwa ajili ya Wakongo. Mwaka 2015 Warundi wakaja tena kwa wingi. Kuni zilikatwa. Hatumlaumu mkimbizi, kwa kuwa aliyeponea chupuchupu hana budi kuwapikia watoto wake. Lakini ni likeni gani zilizokuwa katika matawi yale? Msitu hutetewa kwa orodha ya viumbe vyake, na usio na orodha huhesabiwa maskini. Wanahistoria wa Kanisa wanalijua kosa hili: usharika usioacha kumbukumbu za vikao hudhaniwa kuwa haukuwa na waumini.

Kuvumwani iliyokaushwa katika bahasha ya karatasi hudumu zaidi ya miaka mia, na ikilowanishwa hufunua majani yake tena. Mwanafunzi atakayepangiwa usharika huko, akiwa na kibali, ataandika juu ya bahasha jina la kijiji, mwinuko, tarehe, na mti au jiwe alikoitoa, kisha ataipeleka katika Herbaria ya Taifa, Arusha.