Maua ya Ndani Yasiyotaka Jua: Yalitoka Wapi?



Ndugu wasomaji, mama yangu mzazi alipohamia kwetu ghorofani hapa Kampala, jambo la kwanza aliloniuliza ni bustani iko wapi. Hakuna. Dirisha la sebule linatazama ukuta wa jirani, na taa tunawasha hata mchana. Nikamnunulia ua moja la majani manene yanayong'aa. Kila alfajiri akawa analimwagia maji yaliyobaki kwenye birika la udhu, maana hapendi kuyatupa. Baada ya miezi miwili mashina yakalala. Nilipofukua, chini kote kulikuwa kumeoza. Mama alihuzunika kweli, nami nikaanza kusoma habari za ua lile.

Mazoea ya kuweka maua katika nyumba zenye giza yalienea sana Uingereza katika karne ya 19. Miji ilijaa moshi wa makaa ya mawe na taa za majumbani zilikuwa za gesi, kwa hiyo mimea mingi ilikufa. Uliostahimili ni aspidistra, mmea wa Asia ya Mashariki. Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, ambaye moshi huo ulikuwa umemuulia kangaga zake, alifukia kifukofuko cha nondo katika udongo wenye unyevu ndani ya chupa, akaifunga. Subhanallah, humo ndani ikachipua kangaga! Akatengeneza masanduku ya vioo, na mwaka 1833 mawili yalipelekwa kwa meli hadi Sydney, mimea ikafika hai.

Mwaka huohuo wa 1829, katika jiji hilohilo, wenye kitalu cha Loddiges walichapisha maelezo ya mmea ambao mwaka 1905 Mjerumani Adolf Engler aliupa jina unaloitwa leo, Zamioculcas zamiifolia. Ndilo ua la mama. Aliyeniuzia alisema ni ua la Uholanzi. Kumbe asili yake ni Kenya, Tanzania pamoja na Zanzibar, kushuka Msumbiji hadi Afrika Kusini! Waholanzi walianza kulizalisha kwa wingi karibu mwaka 1996, wakaliuza dunia nzima, likaturudia na bei ya kigeni. Na si hilo tu. Kile kiua cha zambarau cha milima ya Usambara kilipelekwa Ujerumani mwaka 1892, na mwaka 1893 kikapewa jina la familia ya mtawala wa kikoloni wa Tanga, Saint Paul. Hicho lakini kinataka mwanga zaidi, msikiweke gizani.

Tukijua kwao, tunajua matunzo. Huko porini ua la mama huishi kivulini na hupitia miezi ya ukame, ndiyo maana lina viazi chini vinavyoweka akiba ya maji. Chungu kiwe na tundu. Ingiza kidole, udongo ukiwa na unyevu, acha. Katika chumba chenye giza unaweza kukaa wiki tatu au zaidi bila kumwagilia. Futa vumbi kwenye majani, kwani mwanga wenyewe ni haba. Kona isiyo na dirisha kabisa haifai, hakuna mmea unaoishi bila mwanga. Wenye watoto wadogo waliweke juu, kwa sababu majani yakitafunwa yanawasha mdomo na koo.

Nilimsomea mama aya ya 141 ya Suratul An'aam, inayotaja mimea na matunda kisha ikakataza israfu. Akanijibu, "Mwanangu, mimi si nilikuwa naikimbia hiyo israfu?" Sikuwa na jawabu.

Tulikuwa tumeokoa vijani vitatu vizima. Tukavichomeka kwenye kopo la mchanga. Viwili vilikauka. Cha tatu, baada ya miezi mingi, kimefanya kiazi kidogo kama punje ya hindi. Maji ya birika sasa yanakwenda kwenye ndoo ya kupigia deki.