Jamii endelevu kimazingira: kanuni zake kwa mfano wa Nyakisasa na Ngara

Jamii endelevu kimazingira ni watu wanaotumia ardhi, maji na miti ya mahali pao bila kuzidi kiasi ambacho mahali hapo panaweza kukirudisha, na wenye utaratibu unaokubalika wa kuamua nani atumie nini, wapi na lini. Sehemu ya kwanza ya maana hii hutajwa kila mahali tangu tume ya Gro Harlem Brundtland ilipotoa taarifa yake mwaka 1987. Ya pili husahauliwa, nayo ndiyo ngumu zaidi. Makala hii inazieleza kanuni hizo kwa kuitazama Nyakisasa, kata ya Wilaya ya Ngara mkoani Kagera, pamoja na nchi inayoizunguka hadi Biharamulo.

Ni nchi ya milima na mabonde, ya Washubi na Wahangaza, inayopakana na Rwanda na Burundi. Nyumba hukaa ndani ya migomba. Kahawa, maharage na mahindi hupandwa humo humo au kando yake. Majani ya mgomba huwa matandazo, samadi ya ng'ombe na mbuzi hurudi shinani, na kivuli huzuia jua lisikaushe udongo. Kabla mtaalamu yeyote hajaandika kanuni, shamba hili la nyumbani lilikuwa tayari na kanuni moja kubwa: kinachotoka ardhini kirudi ardhini. Udhaifu wake ni kwamba linaishia kwenye mpaka wa kaya. Msitu, kijito na malisho viko nje ya mpaka huo.

Mwishoni mwa Aprili 1994 udhaifu huo ulionekana na dunia nzima. Ndani ya saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo, mpakani, wakikimbia kutoka Rwanda, wakatua Benaco, mahali wilayani Ngara palipogeuka kambi. Miezi iliyofuata kambi za Ngara zilikuwa na watu wengi kuliko wenyeji wa wilaya. Kila mmoja alihitaji kupika. Kambi za Kagera zilikadiriwa kuchoma zaidi ya tani 1,200 za kuni kwa siku. Hadi Wanyarwanda waliporudishwa kwao Desemba 1996, kilomita za mraba 570 za misitu zilikuwa zimeguswa, na kati ya hizo 167 zilikuwa zimekatwa vibaya. Wakimbizi hawakuwa wabaya kuliko watu wengine. Mama mwenye maharage makavu na watoto wenye njaa hukata mti ulio karibu, na angekuwa mjinga asingefanya hivyo.

Mwaka 1996, ukiwa na funzo la Ngara na la kambi za Goma, mashariki mwa Kongo, Umoja wa Mataifa kupitia shirika lake la wakimbizi, UNHCR, ulitoa mwongozo wa mazingira wenye kanuni nne: mazingira yaingizwe katika kila shughuli badala ya kuachiwa idara moja, kuzuia kutangulie kuponya, gharama ipimwe dhidi ya faida, na wenyeji washirikishwe. Kanuni hizi zilikusudiwa kambi, lakini kijiji chochote kinaweza kuzitumia.

Kanuni ya kuzuia ndiyo iliyo na ushahidi mwingi zaidi Ngara. Miche ya kitalu huchukua miaka kuwa kuni, ilhali shoka humaliza kazi asubuhi moja. Kwa hiyo hatua zenye manufaa ya haraka zilikuwa za jikoni: kuloweka maharage usiku, kufunika sufuria, kupasua kuni na kuzikausha kabla ya kuziwasha, kujenga jiko banifu la udongo, kuzima moto chakula kikiiva. Miti ya kuachwa ilipakwa rangi ili kila mkataji aijue. Hatua hizi ni ndogo, na kwa kuwa ni ndogo hudharauliwa na wapangaji wanaopenda kuhesabu miche iliyopandwa. Ajabu ni kwamba suala hilo hilo limerudi kitaifa: mkakati wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Mpaka gesi na umeme vifike kila jiko la Nyakisasa, kifuniko cha sufuria bado kina kazi.

Ushirikishwaji, kwa upande wa Tanzania, una msingi wa kisheria ulio imara kuliko wanavijiji wengi wanavyodhani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, ikiwajibika kwa mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga na kusimamia msitu wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Kijiji kinaweza pia kutunga sheria ndogo, zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kasoro haiko kwenye karatasi. Iko pale mpango wa matumizi ya ardhi unapoandikwa wilayani, kisha kuletwa mkutanoni ukiwa umeshaiva, watu wakaombwa kunyoosha mikono.

Elinor Ostrom, mwanazuoni wa Marekani aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kuwa mali ya pamoja hudumu pale mipaka inapojulikana, watumiaji wanapotunga kanuni wenyewe, wanapolindana, na adhabu inapoanza ndogo na kupanda kwa anayerudia kosa. Mkulima wa Kagera hahitaji jina la Ostrom kulielewa jambo hili. Mnyauko wa migomba umemfundisha. Ugonjwa huo wa bakteria ulithibitika mkoani mwaka 2006. Dawa ya kuutibu haipo. Huzuiwa kwa kukata ua dume kwa mti wenye panda, kupitisha kisu motoni kabla ya kuhamia shina jingine, na kung'oa migomba iliyougua. Akifanya mmoja na jirani akaacha, wote hupoteza.

Kati ya 2010 na 2015, mradi wa FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, wa bonde la Mto Kagera ulitumia mashamba darasa katika Tanzania, Rwanda, Burundi na Uganda, Ngara ikiwemo. Wakulima walijaribu wenyewe makinga maji, matandazo na miti ya mashambani, wakaona tofauti kwa macho yao. Njia hii ni ya polepole, na kwa maoni ya mwandishi ndiyo pekee inayobaki baada ya mradi kuondoa magari yake.

Kinachobaki nje ya uwezo wa kijiji ni mto. Maji ya Mto Ruvubu huungana na Mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, ambako tangu 2023 mitambo ya megawati 80 inazalisha umeme wa Tanzania, Rwanda na Burundi, kisha huendelea hadi Ziwa Viktoria. Udongo unaochukuliwa na mvua kwenye mteremko usio na makinga maji husafiri nayo, na mvua hiyo hunyesha katika nchi zote tatu.