Mbio

Mwenge wa Uhuru ukiingia Chamwino, tunasema mbio za Mwenge zimefika, ingawa sehemu kubwa ya njia umesafiri kwa gari. Hakuna kosa hapo. Neno mbio halidai miguu; linadai mwendo wa kasi, ndiyo maana hukubali farasi, ngalawa na magari.

Tulitenganishe na safari. Mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliitwa Safari, na jina liliyakaa: dereva alivuka nchi, vumbi leo, matope kesho. Bert Shankland wa Tanzania aliyashinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404.

Daytona 500 ya Marekani ni kitu kingine. Magari huzunguka mara 200 katika njia yenye umbo la yai, yakikata kushoto tu. Hutimiza takribani kilomita 800, kisha mshindi hupatikana kwenye mstari uleule wa kuanzia. Hapo pana mbio, safari hapana. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Huko ukingoni kuna ukuta wa zege.

Mtangazaji, basi, aseme “mbio zimeanza”, si “mbio imeanza”. Kila duru aiite mzunguko. Raundi tuwaachie mabondia. Na gari likipita kwa kasi, “limekwenda mbio” inatosha. Hapo neno ni kielezi, halihitaji “kwa” mbele yake.