Jina la Ua na Adabu ya Kusoma Utafiti

Katika historia ya elimu ya mimea, mji wa Tanga una sehemu ambayo wana wa Chumbageni na mitaa jirani hawajasimuliwa vya kutosha. Mapema katika miaka ya 1890, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekaa Tanga, alipata ua dogo la rangi ya urujuani lililomea katika miamba ya chokaa karibu na mji, na pia katika misitu ya Usambara. Mbegu alizipeleka kwa baba yake, Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen, aliandika sifa za mmea huo na kuuita Saintpaulia ionantha.

Maandiko ya kitaalamu juu ya ua hilo hayakukoma hapo, wala hayakupatana. B. L. Burtt wa bustani ya Edinburgh, mwaka 1964, alihesabu aina ishirini hivi. Iain Darbyshire wa Kew, mwaka 2006, alizipunguza zikawa sita hivi. Tena, mwaka 1997 Michael Möller na Quentin Cronk walilinganisha vinasaba, wakaonyesha kwamba Saintpaulia ni tawi lililochipuka ndani ya ukoo wa Streptocarpus. Jina lilingoja mpaka mwaka 2012, ndipo ua likaitwa Streptocarpus ionanthus.

Mwanafunzi asomaye makala hizo kwa mara ya kwanza huuliza ni nani aliyesema kweli. Swali hilo humpoteza. Kila makala ya utafiti ina mambo matatu yaliyofungwa pamoja, na kazi ya mwalimu ni kumfundisha msomaji kuyafungua: lililoonekana, lililofahamika kutokana na lililoonekana, na lililoamuliwa. Burtt aliona vinyweleo vya majani, akafahamu kwamba tofauti zake zatosha kutenga aina. Darbyshire aliona kwamba tofauti hizo huingiliana, akafahamu vingine. Vinasaba vilionekana mwaka 1997. Uamuzi wa jina ulikuja miaka kumi na mitano baadaye. Basi lililoonekana halikufutwa. Lililogeuka ni maana yake, na baada ya maana, jina.

Kwa hiyo haifai mwanafunzi aanze na muhtasari na kuishia katika hitimisho. Atazame kwanza mwaka wa makala, kisha vielelezo na mahali vilipochumwa, kisha njia iliyotumiwa kuvipima. Akifika kwenye hitimisho, atakuwa na mizani mkononi.

Adabu hii si pambo la darasani. Tongwe, Magunga na Amani ziliwahi kuwa na aina zilizochukua majina yao; baadaye aina hizo zilihesabiwa ndani ya ionantha. Asomaye hukumu peke yake aweza kudhani kuwa Tongwe haina tena kitu cha kulindwa. Asomaye ushahidi hujua kwamba mmea ungali katika mwamba wake, na kwamba kalamu ya mtaalamu haikuung'oa. Kinachoung'oa ni shoka, kivuli cha msitu kinapoondoka. Watu wa pwani na milima hii ndio walio karibu na mwamba huo. Wakijua kusoma yaliyoandikwa juu yake, wataweza pia kuyajibu.