Kumfundisha mbwa kutembea kwa kamba kabla ya siku ya chanjo

Afisa mifugo anapotangaza kwamba chanjo ya kichaa cha mbwa itatolewa kwenye ofisi ya kijiji, shida ya kaya nyingi haiwi sindano. Sindano ni ya sekunde chache. Shida ni kumfikisha mbwa pale. Mbwa wa Magu, Sengerema, Misungwi au Ukerewe amezaliwa uani na amekua akizunguka atakavyo. Usiku analinda boma, mchana anafuata ng'ombe, na hajawahi kufungwa kitu shingoni. Siku hiyo anafungwa kamba ya katani kwa mara ya kwanza maishani, mtoto wa miaka kumi anakabidhiwa ncha ya pili, na safari ya kilomita mbili inaanza. Mbwa anavuta, anajirusha, analala chini, anatafuna kamba au anamng'ata aliyeishika. Mwisho wake wengine wanarudi nyumbani bila chanjo.

Kila mbwa anayerudi hivyo ana uzito katika hesabu ya kijiji. Shirika la Afya Duniani, WHO, hushauri kwamba angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe ili ugonjwa ukose njia ya kuenea. Mfano wa kuaminika uko karibu na sisi, mkoani Mara. Kati ya mwaka 1996 na 2001 mbwa wa vijiji vya wilaya ya Serengeti walichanjwa kwa kampeni, na watafiti wakalinganisha hali yao na ya wilaya ya Musoma, ambako kampeni hiyo haikufanyika. Serengeti, ugonjwa kwa mbwa ulipungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza na kwa asilimia 97 baada ya ya pili. Watu walioumwa na mbwa wanaodhaniwa kuwa na kichaa nao wakapungua. Musoma haikuwa hivyo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 1,500 kwa mwaka nchini Tanzania, wengi wao wakiwa watoto.

Kwa hiyo kumzoesha mbwa kamba si jambo la watu wa mjini wanaotembeza mbwa jioni.

Kwa nini mbwa anavuta

Mbwa havuti kwa ukaidi. Anavuta kwa sababu mbili. Ya kwanza, kuvuta kunamfikisha anakotaka: ananusa kitu kule mbele, anavuta, wewe unamfuata, anafika. Kesho atavuta zaidi, maana amejifunza kwamba ndiyo njia. Ya pili ni ya mwili wake. Mnyama anayesukumwa au kuvutwa upande mmoja hukaza mwili kwenda upande wa pili, kama mbuzi unayemburuta kumtoa zizini. Ukimvuta mbwa, unamfundisha kuvuta.

Ndiyo maana kipigo hakisaidii. Mbwa anayepigwa akiwa kwenye kamba anajifunza kwamba kamba inaleta maumivu, na siku ya chanjo ukiitoa tu, anakimbilia mahindini.

Vifaa

Kinachohitajika kipo nyumbani. Mkanda wa shingoni uwe mpana: mkanda wa zamani wa suruali uliokatwa na kutobolewa matundu mapya unafaa, au kipande cha kitambaa kigumu kilichokunjwa mara kadhaa. Ukiufunga, vidole viwili vipite kati yake na shingo. Ukilegea zaidi ya hapo, mbwa atarudi nyuma na kuuvua kichwani. Usitumie waya, uzi wa nyavu wala kitanzi kinachojikaza, kwa sababu hukata ngozi na kubana koo.

Kamba iwe na urefu wa mita mbili hivi na unene wa kidole. Kamba za nailoni zinazopatikana kwa wavuvi ni imara, ila huunguza kiganja mbwa akichomoka ghafla, hivyo piga fundo kwenye ncha unayoshika. Usiizungushe mkononi hata mara moja. Mbwa mkubwa akiona paka, ataondoka na mkono wako.

Cha mwisho ni dagaa. Sisi wa kanda ya ziwa tuna bahati hapa. Dagaa mkavu ana harufu kali, anabebeka mfukoni, na anakatika vipande vidogo ambavyo mbwa anameza bila kusimama kutafuna. Chagua wasio na chumvi na upepete mchanga. Dagaa mmoja anatosha zawadi mbili au tatu.

Mazoezi yenyewe

Siku mbili au tatu za mwanzo ni za mkanda peke yake. Mvishe wakati wa kula na umwache nao. Atajikuna na kujibiringisha, kisha atausahau. Halafu funga kamba na umwache aiburute uani huku unamwangalia, asije akanasa kwenye mti. Akishaona kamba ni kitu cha kawaida, ishike.

Simama naye uani mahali patulivu. Mwite kwa jina, na akikuangalia, mpe kipande cha dagaa kando ya mguu wako. Piga hatua mbili. Akiwa kando yako na kamba imelegea, sema neno moja fupi, kwa mfano "vizuri", kisha mpe kipande kingine palepale mguuni. Piga hatua tatu, halafu tano. Zawadi itoke kando ya mguu siku zote. Ukimpa ukiwa umenyoosha mkono mbele, atajifunza kukaa mbele.

Kamba ikikaza, simama. Usimvute na usiseme kitu. Kaa kama jiwe la Bismarck. Atahangaika, atageuka kukuangalia au atarudi hatua moja, na kamba italegea. Hapo hapo sema neno lako na uendelee kutembea. Somo zima ni hilo: kamba ikikaza safari inasimama, ikilegea safari inaendelea. Kuna mbwa atakayekusimamisha mara ishirini katika mita kumi za kwanza. Ni kawaida, na kwa kweli hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Ukimruhusu avute leo kwa sababu una haraka, kesho unaanza upya. Kwa yule anayekaza kila hatua, geuka uelekee ulikotoka, na akikufuata umpe zawadi. Baada ya mizunguko kadhaa ataanza kukutazama ili ajue unaelekea wapi.

Neno fupi lina kazi kubwa kuliko linavyoonekana. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini kwa njia ya aina hii: panya anasikia mlio mdogo pale anapofanya sahihi, kisha anapata chakula. Mlio unamwambia ni tendo gani hasa lililomletea chakula. Panya mmoja aliyezaliwa huko, Magawa, alipeleka ujuzi huo Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini zaidi ya 70, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza. Mbwa wako hahitaji nishani, lakini kanuni ni ileile. Neno lisikike wakati kamba imelegea, siyo baada ya mbwa kuanza kuruka akidai dagaa.

Dakika kumi kwa siku zinatosha, asubuhi au jioni. Jua la mchana linachosha mbwa, na miamba na lami huunguza nyayo. Kwa mbwa wengi wiki mbili au tatu zinatosha kwa safari ya kijijini, ikiwa watu wa nyumbani wanafuata kanuni moja. Baba akisimama kamba inapokaza na watoto wakikimbia nayo, mbwa hatajua ashike lipi.

Toka uani polepole

Mbwa anayetembea vizuri uani bado hajui kutembea njiani. Anza na kijia kisicho na watu, halafu pita mbali na ng'ombe, halafu mbali na nyumba yenye mbwa wengine. Ukiona ameganda kukodolea kitu na hachukui tena dagaa, umesogea mno. Rudi nyuma mpaka aweze kula, uanzie hapo. Kwa wakazi wa mwambao, mtihani wa mwisho ni mwaloni, mahali dagaa wameanikwa. Usiupeleke mtihani huo wiki ya kwanza. Mwenye dagaa hatakuelewa.

Mbwa mwenye woga ni suala lingine. Mkia uko kati ya miguu, masikio yamelala, mwili umejikunja, anagoma kunyanyuka. Huyo usimburute, kwani kumburuta kunaumiza koo na ndipo anapong'ata. Chuchumaa ubavuni kwake bila kumkodolea macho, tupa kipande cha dagaa karibu naye, kisha kingine karibu nawe, na ungoje. Atachukua siku nyingi zaidi.

Siku ya chanjo

Mbwa aletwe na mtu mzima anayemfahamu. Mtoto anaweza kufuatana naye, lakini kamba isiwe mkononi mwake, kwa sababu mbwa wengi wakikutana mahali pamoja ugomvi huanza ghafla. Fika mapema kabla ya msongamano, simama kivulini mbali na wengine, na usogee zamu yako ikifika. Mbwa anayejulikana kung'ata, mwambie mtaalamu kabla hajamgusa. Watoto wa mbwa nao wapelekwe, hata kwa kubebwa kwenye kapu.

Kuna mbwa mmoja tu asiyepaswa kuletwa: aliyebadilika tabia ghafla, anayetoka mate mengi, anayeng'ata miti au mawe, aliyepooza taya au sauti yake imegeuka. Usimfunge kamba na usimsogelee. Waondoe watoto na umpigie simu afisa mifugo.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, oshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo na hata kama mbwa ni wa nyumbani. Chanjo ya binadamu hufanya kazi kabla dalili hazijaanza. Zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Cheti cha chanjo cha mbwa kitunzwe pamoja na kadi za kliniki za watoto, maana ni moja ya mambo ambayo mhudumu atataka kujua.